Fundi Akikwambia Laptopu Imeisha, Muulize Hivi

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipoacha kusasisha Windows 10 bure, kuna stori mpya ya fundi: “Hii mashine imeisha, nilipe nikuwekee Windows 11.” Ukiisikia pale Mwala sokoni au Masii, usitoe pesa mbio, msee.

Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na TPM 2.0. Laptopu nyingi za mtumba tunazookota kwa bei poa hazijafika hapo. Fundi anaweza kuilazimisha iingie, na itawaka vizuri tu, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine kama hiyo. Muulize: hii ni kizazi gani? Akianza kuzungusha maneno, chukua mashine yako uende. Windows 10 bado unaweza kuisajili ipate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Ama uwekewe Linux, ambayo ni ya bure; hapo unalipia kazi ya mkono tu.

Sisemi mafundi wote ni wakora. Skrini ikipasuka, nitamlipa wa mtaani kabla nipande matatu hadi Machakos, maana akiharibu najua kibanda chake. Kinachonitia wasiwasi ni nenosiri. Humo ndani mna KRA, HELB, picha za mpenzi wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, sawa, lakini kuhamisha faili kwenye flashi na kutoka kwenye akaunti zako ni rahisi kuliko kesi. Na akibadilisha diski, dai ile ya zamani urudi nayo nyumbani.