Kwa Nini Tanzania Iwe ya Kwanza Kuwahukumu Askari Wake

Swali la nani anapaswa kumhukumu askari aliyetenda uhalifu wa kivita, yaani aliyeua raia au mateka, aliyebaka, aliyepora au aliyeshambulia kwa makusudi watu wasioshiriki mapigano, limezoeleka nchini Tanzania kuonekana kuwa la mataifa mengine. Mazoea hayo hayana msingi tena. Tangu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopitisha Azimio namba 2098, tarehe 28 Machi 2013, na kuunda kikosi cha kujibu mashambulizi mashariki mwa Kongo, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wamepigana huko bega kwa bega na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, na baadaye wengine wamekwenda Cabo Delgado nchini Msumbiji. Kijana wa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, akijiunga na jeshi leo, anaweza kesho kupangiwa ulinzi Beni, nchini Kongo, akiwa na silaha ya taifa mikononi, miongoni mwa raia wasio na namna yoyote ya kumwajibisha isipokuwa kupitia sheria.

Sheria ya kimataifa imelijibu swali hilo kwa uwazi. Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949 inailazimisha kila nchi mwanachama kuwasaka watuhumiwa wa ukiukaji mkubwa wa sheria za vita, bila kujali uraia wao, na kuwafikisha mbele ya mahakama zake au kuwakabidhi kwa nchi nyingine itakayowashtaki. Mkataba wa Roma, ambao Tanzania iliuridhia Agosti 2002 na ambao ndio uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, unafuata kanuni ya ukamilishano, maana yake ni kwamba mahakama hiyo huingilia tu pale nchi yenye mamlaka isipotaka au isipoweza kuendesha kesi kwa dhati. Kwa askari wa kulinda amani wajibu huo ni mzito zaidi, kwa kuwa nchi inayowapeleka ndiyo inayobaki na mamlaka ya kuwashtaki kwa jinai, nao Umoja wa Mataifa hauwezi kufanya zaidi ya kuchunguza na kuwarudisha nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2023, ulipotangaza kukirudisha kikosi cha askari 60 wa Tanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya uchunguzi kupata ushahidi dhidi ya 11 kati yao kuhusu unyanyasaji wa kingono. Si kila kosa la aina hiyo ni uhalifu wa kivita, lakini tukio hilo linaonyesha mzigo wa haki unaangukia wapi.

Tanzania inaufahamu uchungu wa haki isiyotendeka. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera Oktoba 1978 yaliua raia, yakapora na kuchoma, na Amin mwenyewe alifariki Saudi Arabia mwaka 2003 bila kusimama mbele ya mahakama yoyote. Uadilifu unadai ikumbukwe pia kwamba Januari 1979, JWTZ ilipouteka mji wa mpakani wa Mutukula, raia waliuawa na mji ukabomolewa, na kwamba Mwalimu Nyerere, alipopata habari hizo, aliamuru raia na mali zao wasiguswe tena. Amri hiyo ilikuwa ya heshima, lakini ilitegemea dhamiri ya kiongozi mmoja, na usalama wa raia hauwezi kuachwa utegemee nani yuko Ikulu.

Pengo lililopo ni la kisheria. Mkataba ulioridhiwa haugeuki kuwa sheria ya nchi mpaka Bunge liutungie sheria, jambo ambalo Kenya iliufanyia Mkataba wa Roma mwaka 2008 na Uganda mwaka 2010, ilhali Tanzania bado. Inaweza kudaiwa kwamba Kanuni ya Adhabu na mahakama za kijeshi zinatosha, kwa kuwa mauaji ni mauaji popote yanapotendeka. Hoja hiyo inasahau dhamana ya kamanda, yaani kanuni kwamba kiongozi wa kikosi aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba askari wake wanatenda uhalifu, asiwazuie wala kuwaadhibu, naye ana hatia. Pasipo kanuni hiyo, kosa hushuka ngazi hadi kumwangukia askari wa cheo cha chini.

Tofauti hiyo inaonekana waziwazi nchini Kongo. Baada ya wanajeshi wa serikali kubaka wanawake mjini Fizi usiku wa tarehe 1 Januari 2011, mahakama ya kijeshi ilisafiri hadi Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ikasikiliza makumi ya wanawake, na kufikia tarehe 21 Februari ikamhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, yaani mashambulizi mapana au ya kimfumo dhidi ya raia. Hali ilikuwa nyingine kwa wahanga wa Minova, walioshambuliwa Novemba 2012 na wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Goma. Washtakiwa walikuwa 39, na hukumu ya Mei 2014 iliwatia hatiani kwa ubakaji wawili tu, huku makamanda wa juu walioongoza mafungo yale wakiwa hawakufikishwa kizimbani kabisa. Nchi ni ileile na mfumo wa mahakama za kijeshi ni uleule. Kilichotofautiana ni kama sheria ilimfikia aliyekuwa na madaraka ya kuzuia.

Wako wanaohofu kwamba mashtaka yatavunja ari ya jeshi na kuwaaibisha waliojitoa mhanga, na hofu hiyo haistahili kubezwa katika nchi iliyozika vijana wake waliouawa Semuliki, nchini Kongo, Desemba 2017. Hata hivyo, heshima ya marehemu hao inachafuliwa na mhalifu anayefichwa kuliko na mhalifu anayehukumiwa, kwa sababu anayefichwa huwavisha wenzake wote tuhuma zake. Gharama nayo haikwepeki. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayoamua kesi baina ya nchi, iliiamuru Uganda mwezi Februari 2022 kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya majeshi yake, fedha zitokazo kwa mkulima na mfanyabiashara, si mfukoni mwa waliotenda. Wengine husema Mahakama ya Kimataifa ya Jinai imewaandama Waafrika. Ikiwa ni hivyo, dawa ni kesi za kweli nyumbani, ambazo kwa kanuni ya ukamilishano huiondolea mahakama hiyo sababu ya kuingilia.

Bunge, kwa hiyo, linapaswa kutunga sheria inayotaja uhalifu wa kivita kwa jina lake, inayombana kamanda sawa na askari, inayohusu matendo ya nje ya mipaka, na inayoruhusu ushahidi kusikilizwa hadharani karibu na walioumizwa, kama ilivyofanyika Baraka. Taifa linalodai haki kwa ajili ya wahanga wa Kagera haliwezi kumnyima haki hiyo mwanamke wa Kongo kwa sababu tu mtuhumiwa amevaa sare ya JWTZ.