UKAKAMAVU WA MWENDESHA BAISKELI: SOMO KUTOKA UFUKONI MWA ZIWA MWERU

Nguvu za mwili haziazimwi siku ya safari. Askari aliyekaa miezi mitatu pasipo mazoezi hawezi kuamka alfajiri moja akadai mapafu yake yamtii. Wala mchuuzi aliyeiegemeza baiskeli yake ukutani kwa muda huo hawezi kuipakia mzigo mzito akatumaini kwamba magoti yatamstahi. Ukweli huu huonekana wazi wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ambako Ziwa Mweru huitenga Zambia na Kongo, na ambako baiskeli si chombo cha starehe bali ni tegemeo la jamaa nyingi.

Uso wa ziwa hilo uko kiasi cha mita 917 juu ya usawa wa bahari. Samaki wake, pamoja na chisense, wale samaki wadogo mfano wa dagaa wanaoanikwa juani, huuzwa katika soko la Kashikishi na kusambazwa bara. Shehena kubwa huchukuliwa na malori kuelekea Mansa na Ukanda wa Shaba. Lakini katika vijiji visivyofikiwa na lori, keria ya baiskeli ndiyo ibebayo. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani na Wanyamwezi ilipofika kwa Mwata Kazembe, mizigo ilikuwa mabegani mwa watu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi walioitwa tenga-tenga walibeba vyakula na risasi za majeshi vivyo hivyo. Leo mzigo umehamia juu ya magurudumu, lakini mwili ungali ndio injini.

Kandokando ya ziwa njia ni tambarare, na adui wa mwendeshaji ni mchanga na jua. Mambo hubadilika kwa yule aelekeaye Kawambwa. Kutoka bonde la Luapula njia huukwea ukingo wa uwanda wa juu, jirani na maporomoko ya Ntumbachushi, hata ikafika mahali palipo juu ya ziwa kwa zaidi ya mita 300. Chukulia mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 20. Akiongeza samaki wakavu wa kilo 60, kazi ya kuupanda mlima ule ule huzidi kwa zaidi ya theluthi mbili. Nyongeza yote hiyo hulipwa na mapaja, kiuno na moyo.

Wengi hudhani kwamba kubeba mzigo kila siku ni zoezi tosha. Sivyo. Misuli haijengwi wakati wa kazi. Hujengwa wakati wa kupumzika baada ya kazi, iwapo kazi hiyo imeongezwa kwa kiasi na mwili umepata chakula. Anayebeba uzito ule ule kila siku pasipo kupumzika hupata uchovu badala ya nguvu, na maumivu ya goti huanza kama mgeni, kisha yakawa mwenyeji. Mchezaji aliyeumia goti hukosa mashindano. Mchukuzi aliyeumia goti akiwa na umri wa miaka 40 hukosa unga, sabuni na daftari za watoto.

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Serikali ya Zambia hupiga marufuku uvuvi ili samaki wazaliane. Biashara hupungua na keria hubaki wazi. Kipindi hicho ni wiki 12 na siku chache, na chatosha kabisa kuujenga mwili upya. Askari wa kambi yoyote aweza kuufuata mpango huo huo.

Wiki nne za kwanza ni za msingi. Mara mbili kwa wiki, huku kukiwa na siku mbili za kupisha baina yake, mtu achuchumae na kuinuka polepole mara 10. Apande na kushuka kibao chenye kimo cha chini ya goti mara 10 kwa kila mguu. Alale chali, akunje magoti na kuinua kiuno mara 10. Kisha ajiegemeze kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu kwa sekunde 30, mwili ukiwa umenyooka. Mzunguko huo aurudie mara tatu. Siku nyingine tatu aendeshe baiskeli bila mzigo kwa dakika 45, kwa mwendo unaomwezesha kutamka sentensi nzima pasipo kuhema. Mwendo huo waonekana mwepesi, lakini ndio uongezao vijishipa vya damu ndani ya misuli na kuufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo.

Wiki nne za pili, uzito uingie. Kuchuchumaa na kupanda kibao kufanywe kwa mfuko wa mchanga wa kilo 10 uliokumbatiwa kifuani. Safari moja ya wiki irefushwe, kila wiki isizidi ile iliyotangulia kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Safari nyingine iwe ya mlimani: kupanda kwa nguvu dakika tatu, kuteremka polepole hadi pumzi irudi, na kurudia mara nne.

Wiki nne za mwisho, keria ipakiwe: robo ya mzigo wa kawaida, kisha nusu, kisha robo tatu. Wiki ya 12 kazi yote ipunguzwe kwa nusu, ili Machi imkute mtu na nguvu mpya. Maumivu makali ya kiungo ni amri ya kusimama.

Hapo ndipo jiko linapoingia katika mazoezi. Ubwali wa mihogo, chakula kikuu cha Luapula, hutoa nguvu nyingi lakini hauna protini ya kutosha kujenga misuli. Sharti uandamane na samaki, maharagwe au karanga. Mihogo michungu iloweshwe na kukaushwa barabara, kwa kuwa ina sumu. Asafiriye zaidi ya saa moja achukue maji pamoja na kitu cha kutafuna njiani, na katika joto la Oktoba aondoke kabla ya mapambazuko. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazosumbuliwa mno na malaria. Mwenye homa asifanye zoezi lolote kwa kisingizio cha kutoa jasho. Akapimwe damu kwanza.

Baiskeli nayo ipimwe. Kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka. Kiti kilichoshuka mno huumiza goti. Mwenye baiskeli ya gea achague gea nyepesi mapema, kabla mlima haujamwelemea. Asiye na gea ashuke asukume, na hiyo si aibu. Mwaka 1954, wachukuzi wa Vietnam walizifunga baiskeli zao mianzi usukanini na kitini, wakazisukuma milimani zikiwa na zaidi ya kilo 200 kila moja kuelekea Dien Bien Phu, na jeshi lao likashinda.

Yasidhaniwe kuwa matunda huonekana kwa juma moja. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1985, alijifunza akiwa kijana kuvipanda vilima vya Kikuyu chini ya David Kinjah, kabla hajaja kushinda Tour de France mwaka 2013, na tena 2015, 2016 na 2017. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi askari, polisi, na kila mama au baba mwenye baiskeli mlangoni, na aanze na alichonacho: kibao, mfuko wa mchanga, na nusu saa kabla ya jua kuwa kali. Mwili uliotunzwa leo ndio utakaoifikisha kesho riziki nyumbani.