Kila Nyama na Moto Wake

Katika nyumba zetu hapa Nambambo, Nachingwea, hutokea mara kwa mara kwamba mume huleta nyama kutoka buchani, mke huipika kwa kadiri ya ujuzi wake, na chakula kinapoandaliwa nyama ikawa ngumu kama ngozi. Hapo maneno huanza. Mume humlaumu mke, mke humlaumu mwuza nyama, na mwuza nyama humlaumu ng'ombe. Sisi twaona kuwa mara nyingi hapana mwenye kosa hata mmoja, ila kosa ni la jina.

Neno "steki" limetoka kwa Waingereza. Kwao ni kipande kinene kilichokatwa ili kichomwe upesi. Buchani kwetu, steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa. Yaweza kuwa ya paja, ya bega, hata ya shingo. Basi kijana asomaye kitabu cha mapishi cha ng'ambo, kisha akaikaanga steki yetu kwa dakika tano, asistaajabu taya zikimwuma.

Ugeni huu una sababu. Huku kusini, kwa ajili ya mbung'o, ng'ombe walikuwa wachache tangu zamani. Wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu katika miaka ya 2006 na 2007, wengi walihamia mkoa wetu wa Lindi pamoja na mifugo yao. Mnyama amekuja, yafaa nasi tumjue.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kiungo kifanyacho kazi sana huwa na nyama ngumu: shingo, bega, kidari na muundi. Nyama hizo zataka maji na moto wa polepole, saa mbili au tatu, mpaka ugumu wake uyeyuke uwe ute. Ute huo ndio uifanyao supu ya kongoro au ya mkia igande ikipoa. Sarara, iliyo chini ya uti wa mgongo, haifanyi kazi kubwa; hiyo ndiyo ya kukaangwa upesi. Nyama ya paja ikatwe kwa kukingamisha nyuzi zake, ipakwe papai bichi lililopondwa kabla ya kuchomwa. Lakini isikae nalo mno, isije ikawa uji.

Na nundu je? Ng'ombe wa Ulaya hawana, wala vitabu vya huko havitaji. Lakini Wabrazili, ambao ng'ombe wao wengi ni wa asili ya Bara Hindi, huichoma kwa moto mdogo saa nyingi, na kwao ni tunu.

Basi, ewe msomaji, usiulize jina tu. Muulize mwuza nyama: "Hii ni ya kiungo gani?" Kisha rudi nyumbani na jibu pamoja na nyama, ili mpishi ajue abandike chungu saa ngapi.

Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia chakula ila, akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Mnyama aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu hastahili kutupwa kwa ujinga wetu, wala mke hastahili kuvunjwa moyo kwa ajili ya kipande cha shingo kilichoitwa steki.

Wassalaam.