Elimu ya Umeme si ya Taa Peke Yake

Msomaji, wako watu wasemao kwamba elimu ya umeme ni ya kufunga taa tu, na ya kompyuta ni ya makarani. Maneno hayo ni upofu. Transista ilibuniwa Marekani mwaka 1947 na watafiti wa kampuni ya simu, waliotafuta chombo bora cha kukuza sauti. Mwaka 1954 ilikuwamo katika redio ya mfukoni. Mwaka 1957, katika kifaa kidogo cha kuuchochea moyo wa mgonjwa upige sawasawa. Leo transista mabilioni zimo ndani ya simu moja. Basi amshauriye mwanafunzi aiache fizikia kwa kuwa haoni faida yake, anamdhulumu. Apandaye mbegu hapumziki kivulini siku ile ile.