Mtaji wa programu za simu uangalie kwanza Mgeta

Wanaotaka kuweka mitaji katika programu za simu za kuwasaidia kina mama wanaonyonyesha hawana budi kuangalia kwanza milima ya Uluguru. Mchuuzi wa kabichi wa Nyandira, Mgeta, anayeshuka sokoni Morogoro mjini na mtoto mgongoni na kitochi kiunoni, hafikiwi na programu inayotaka simu janja na bando.

Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012, ililijua hilo. Mama alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001, akapata ushauri kwa Kiswahili bila kulipa hata senti.

Hata hivyo, ushauri wa kumpa mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ni mgumu kuufuata ukiwa safarini na tenga. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mwajiriwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mchuuzi ataziomba kwa nani? Huduma yenye soko, basi, ni ile itakayomwezesha mnunuzi wa jumla kuagiza na kulipia mzigo ungali Nyandira. Kamisheni ailipe mnunuzi, maana ndiye mwenye haraka.