Safari ya Makka Huanzia Mlangoni Muleba

Tukiitazama ramani, mji wa Bukoba uko karibu zaidi na Jeddah kuliko ulivyo mji wa Dar es Salaam. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Bukoba hadi Jeddah ni takriban kilomita 2,650. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 3,150. Hata hivyo, hujaji wa Kagera anayepitia Dar es Salaam huanza kwa kuipa Makka mgongo: huruka takriban kilomita 1,000 kuelekea kusini mashariki, ndipo aurudie upande wa kaskazini.

Tunalitaja hili kwa kuwa familia nyingi humwandalia mzazi safari hiyo kwa kuhesabu saa za angani peke yake. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam, ndege isiyotua njiani haimalizi saa tatu. Kutoka hapo hadi Jeddah ni zaidi kidogo ya saa nne. Hesabu hiyo hupendeza, lakini mama wa Muleba ana takriban kilomita 70 za barabara kabla ya kuuona uwanja wa Bukoba. Kisha kuna kusubiri, na kuna mawingu na mvua za Ziwa Victoria. Hatujaisahau asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja huo na watu 19 wakafariki. Basi rubani akiahirisha safari kwa sababu ya hali ya hewa, tusinung'unike. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu.

Umbali huu una hukumu pia. Suratun-Nisaa, aya ya 101, imemruhusu msafiri kupunguza Swala, na wanazuoni wengi wamekadiria safari hiyo kuwa ya kilomita 80 na ushei. Mfanyabiashara aendaye sokoni Bukoba kutoka Muleba na kurudi hajafikia kiwango hicho, hivyo huswali kamili. Hujaji aliyeketi naye katika gari moja hupunguza tangu avuke nyumba za mwisho za mji wake, kwa kuwa nia yake ni Makka. Lakini akifika Dar es Salaam na kunuia kukaa kwa mwanawe siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, kwa madhehebu ya Shafi huswali kamili. Wepesi wa ndege hauiondoi ruhusa. Kinachotazamwa ni masafa, si uchovu.

Tunawausia vijana: msimkatie mzazi tiketi inayobana saa. Aondoke nyumbani siku kadhaa kabla, afuatane na mtu wa kumshika mkono, na dawa zake ziwe katika mkoba wa mkononi. Mzazi aliyefika akiwa na nguvu ndiye atakayetufu na kusai kwa utulivu.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awatakabalie. Amin.