Mwa si Jina la Kanisa: Waliosilimu Waachiwe Ukoo Wao

  

Miaka michache iliyopita alifariki ndugu yetu mmoja aliyesilimu akiwa mtu mzima, hapa hapa Bagamoyo ya Tukuyu. Tangazo la mazishi lilitolewa kwa kipaza sauti cha msikiti kwa jina alilopewa siku ya kutoa shahada: jina zuri la Kiarabu, likifuatiwa na jina la maalimu aliyemsilimisha, ambalo liliandikwa daftarini mahali pa jina la baba. Ndugu zake wa damu, wakaao mwendo mfupi tu kutoka msikitini, walilisikia tangazo hilo na wakaendelea na shughuli zao. Hawakujua kuwa anayezikwa ni mtoto wao. Walifika makaburini tumekwisha kufukia, na maneno aliyoyasema mama yake mzazi mbele yetu siku ile sitayaandika hapa.

Ndugu Waislamu, ni nani aliyetufundisha kuwa mtu akiingia katika Uislamu hana budi kumwacha baba yake mlangoni pamoja na viatu?

Tuanze na jina lenyewe. Majina ya koo za Wanyakyusa, yaani Mwaipopo, Mwakalinga, Mwakyusa, Mwandosya na mengineyo mengi, yamejengwa kwa namna moja. Kiambishi "Mwa" huambatanishwa na jina la mhenga, na maana yake ni mwana wa fulani au mtu wa ukoo wa fulani. Kazi yake ni ile ile ya "bin" na "bani" katika Kiarabu. Hakuna sanamu ndani yake, wala ibada. Ni nasaba tupu.

Kosa letu limetokana na mazoea. Wamishenari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakabatiza watu na kuwapa majina ya Biblia, lakini "Mwa" zao wakawaachia. Kwa kuwa wengi wenye majina hayo leo ni Wakristo, sisi tumefika mahali pa kudhani kuwa "Mwa" ni jina la kanisa. La hasha. Lilikuwapo kabla ya kanisa. Na lau watu wale wangetangulia kufikiwa na da'awa ya Kiislamu, leo tungelihesabu kuwa ni jina la msikiti!

Sasa tutazame mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Zayd bin Haritha alilelewa nyumbani kwake hata watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Ipo heshima gani duniani kupita hiyo? Hata hivyo, katika Suratul Ahzab, aya ya 5, Allah (S.W.) aliamrisha watu waitwe kwa baba zao, na Zayd akarudi kuwa mwana wa Haritha. Ama yule ambaye baba yake hajulikani, aya hiyo hiyo imemfanya kuwa ndugu yetu katika dini, bila kumtungia baba wa uongo. Ikiwa jina la Mtume mwenyewe halikuruhusiwa kukaa mahali pa baba, la maalimu wetu litakaaje?

Tena tukumbuke kwamba Ikrima (R.A.) aliposilimu aliendelea kuwa Ikrima bin Abi Jahl, na sote tunajua Abu Jahl alikuwa nani. Na siku ya Hunayn, majeshi yalipotawanyika, Mtume (S.A.W.) alijinasibisha hadharani na babu yake Abdul Muttalib, ambaye hakuwahi kuudiriki Uislamu.

Watu huniambia: lakini Mtume alibadilisha majina. Ni kweli. Alimbadilisha aliyeitwa Asiya, kwa maana ya mwenye kuasi, akamwita Jamila. Abdurrahman bin Auf naye hakuzaliwa na jina hilo, kwani jina lake la kwanza lilimfanya mja wa asiyekuwa Allah. Basi jina lenye shirki au maana mbaya hubadilishwa, na hapo hatuna mjadala. Lakini yaliyobadilishwa ni majina ya watu wenyewe, baba zao wakabaki pale pale. Auf alibaki kuwa Auf. Na hata katika majina ya kuzaliwa tusiwe wepesi mno wa kufuta. Lusajo kwa Kinyakyusa ni baraka, Ipyana ni neema, Lwitiko ni imani. Mtu anayeitwa Imani kwa lugha ya mama yake amemkosea nani?

Historia inao mfano wa watu waliovuliwa majina kwa nguvu, nao walikuwa ndugu zetu wa Andalusia, Hispania ya leo. Wahispania huunda majina ya ukoo karibu kama Wanyakyusa, ila wao huweka alama mwishoni: Pérez ni mwana wa Pedro, Rodríguez ni mwana wa Rodrigo. Mengine yametokana na mahali, na humo athari ya Uislamu haijafutika hadi leo. Medina ni madina, yaani mji. Alcántara ni al-qantara, daraja. Alcalá ni al-qal'a, ngome.

Baada ya Granada kuanguka mwaka 1492, Waislamu walilazimishwa kubatizwa. Mwaka 1567 ikatangazwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili iliyopiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi yao na majina yao. Mwaka uliofuata waliasi, na kiongozi wao, aliyekuwa akiitwa Fernando kwa ubatizo, akajitangaza kwa jina la Muhammad bin Umayya. Uasi ulizimwa, na kati ya mwaka 1609 na 1614 wakafukuzwa nchini. Tunaposoma habari hizi machozi hututoka, na ni haki yatutoke.

Lakini tazameni walikokimbilia. Huko Tetouan, Morocco, wapo Waislamu wa asili ya Andalusia waliobaki na majina ya Kihispania. Abdelkhalek Torres, aliyezaliwa mwaka 1910 na kuongoza harakati za kudai uhuru katika mji huo, alikuwa Mwislamu mwana wa Waislamu. Torres ni neno la Kihispania lenye maana ya minara. Hakuna aliyemtaka alivue ndipo akubalike msikitini.

Upo pia upande wa maisha ya kila siku. Kijana ana cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa kwa jina moja, kisha cheti chake cha ndoa kinasoma baba mwingine. Watoto wake watajuaje ni akina nani walio maharimu zao? Nasaba ikipotea, ndugu huweza kuoana bila kujua.

Nimeiomba kamati ya msikiti wetu ipige mistari upya katika daftari la waliosilimu: safu ya jina alilochagua mwenyewe, safu ya jina la baba yake mzazi, safu ya ukoo, na jina la maalimu liandikwe pembeni kama shahidi. Ijumaa iliyopita aliandikwa wa kwanza kwa utaratibu huo. Alipoulizwa ukoo alisita, akamtazama imamu, kisha akaitaja "Mwa" ya babu yake kwa sauti ya chini. Imamu akamwomba airudie, ili watu wa safu za nyuma nao wasikie.